Kutoka Do Hadi So kwa Miguu

Baba yangu hakuwahi kuingia katika nyumba yangu. Sisemi hivyo kumlalamikia. Mimi mwenyewe ningeshtuka sana kumwona mlangoni. Kwetu Kisii, mvulana akishatahiriwa huhamia kwenye saiga, nyumba ndogo ya vijana kando ya boma, na tangu siku hiyo baba yake hakanyagi kizingiti chake. Akiwa na jambo, husimama uani na kuita. Hiyo ni sehemu ya kile tunachokiita chinsoni, heshima iliyochanganyika na aibu kati ya mzazi na mtoto wake. Baba na mwana hawataniani. Hawazungumzi habari za wasichana. Maneno ya mapenzi yakitamkwa mahali walipo wote wawili, mmoja wao huondoka, na kwa kawaida huondoka yule aliyetangulia kuyasikia.

Sasa mchukue kijana aliyelelewa hivyo, umpe gitaa, umtie katika bendi ya roki.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa karani katika ofisi moja mjini Kisii, nimepanga chumba chini ya kilima cha Nyanchwa, na Ijumaa nyingi nilipanda kwetu upande wa Nyamira ili Sabato inikute nyumbani. Nywele nilikuwa nimeziacha zikue. Suruali zangu zilikuwa pana miguuni kiasi cha kufagia barabara, na katika matope ya huko kwetu zilifagia kwelikweli. Mama alizifua, lakini alizianika nyuma ya nyumba, mahali wageni hawangeziona.

Bendini tulikuwa wanne. Mpiga solo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole aliyegeuka simba akishika gitaa. Mwimbaji, ambaye pia alipiga ridhimu, aliuza vitambaa katika duka moja mjini. Alikuwa na sura nzuri na hakuna aliyehitaji kumweleza. Mpiga dramu alikuwa fundi wa magari, Mkatoliki peke yake kati yetu, na ndiye aliyetuazimia jenereta kwa tajiri wake. Sisi watatu tulikuwa Waadventista, watoto wa ubatizo wa majini, na kwa hiyo Jumamosi hatukuweza kugusa chombo mpaka jua litue. Kisii mvua huja alasiri na mawingu hukaa juu ya vilima hadi giza, sasa nani atajua jua limetua saa ngapi? Fundi alikuwa akitoka nje, anaangalia juu, anarudi akifuta mikono. "Jua imeenda kitambo," anasema. "Nimeiona na macho yangu." Sisi tulijua hakuona kitu. Tulibaki tumeketi juu ya magunia, magitaa magotini, tukimwogopa Mungu na kumwonea wivu Mkatoliki.

Vyombo vilitoka kwa mjomba wa mwalimu, aliyekuwa amepiga muziki hotelini Nakuru mpaka mke wake alipookoka. Yalikuwa magitaa matatu, na kila mtu alilitaka lile la solo. Mwalimu akalichukua kwa haki ya ujomba. Mwimbaji akachukua la ridhimu kwa sababu lilikuwa jekundu. Likabaki lile refu, zito, lenye nyuzi nne nene zinazofanana na kamba za kufungia ng'ombe.

"Baba yako si ndiye besi ya kanisa?" mwalimu akaniambia. "Chukua. Hii ni yenu."

Nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hata sasa nikiwa na mvi, na siku ile niliona nimepewa mabaki. Nani alikwenda dansini kumtazama mpiga besi? Lakini nilipolivaa begani na kugusa ule uzi wa juu kabisa, mnene kuliko yote, sauti ilipita sakafuni ikanipanda miguuni, na hasira ikanitoka papo hapo. Niliijua ile sauti. Nilikuwa nimesimama kando yake kila Sabato tangu utotoni.

Baba aliongoza besi katika kwaya ya kanisa letu. Kusema kweli hakuwa na sauti tamu. Ilikuwa na mikwaruzo, na ya juu hakuiweza kabisa. Lakini mahali pa besi alipajua kama alivyojua mipaka ya shamba lake. Nyimbo ziliandikwa ubaoni kwa solfa, zile do, re, mi, kila sauti na mstari wake, na mstari wa besi aliuandika yeye kwa mkono wake, kwa chaki, polepole. Aliimba akigonga sakafu kwa kisigino. Na hakuruhusu mtu aongeze wala apunguze. Wakati mmoja mgeni kutoka kanisa jingine alisimama nasi katika mazoezi akatia madoido yake mwishoni mwa ubeti. Baba aliinua mkono, kwaya nzima ikanyamaza.

"Aliyeandika alifikiri," alimwambia. "Wewe unaimba tu."

Mgeni yule hakurudi tena.

Basi mimi nilijifunza gitaa la besi bila mwalimu, na wenzangu wakasema nina kipaji. Sikuwa na kipaji chochote. Vidole vilikwenda mahali ambapo sauti ya baba ilikuwa inakwenda, basi. Nikijiuliza baada ya sauti hii inakuja ipi, nilimsikia yeye kwanza.

Mazoezi tulifanyia katika ghala la zamani la pareto, karibu na mto, nje kidogo ya mji. Maua yalikuwa yameondolewa lakini vumbi lake lilibaki kwenye ufa wa kila ubao. Tulipiga chafya katikati ya nyimbo. Pareto huua wadudu, na fundi alipenda kusema sisi ndiyo bendi pekee isiyosikilizwa hata na mende. Siku moja mzee mmoja anayeishi ng'ambo ya mto alisimama mlangoni, akaangalia huku na huku kati ya vyombo.

"Fahali yuko wapi?" akauliza.

"Fahali gani, mzee?"

"Kila jioni nasikia fahali akilia huku. Ng'ombe wangu hawatulii."

Tulimwonyesha gitaa langu. Alisema kule kwake hafikiwi na kinanda kingine chochote, wala hajui kama kuna mtu anaimba; ni fahali tu. Wenzangu walicheka hadi mwimbaji akaketi chini. Mimi sikucheka. Nilijiona nimefanya kazi ya miezi mingi ili niitwe ng'ombe.

Watu wa masokoni walitaka rumba. Tulipopiga Mosocho walituomba rumba, na tulipopiga Nyakoe walitudai. Sisi tuliwapa roki, kwa ukaidi wa vijana, na nusu yao wakatoka nje kununua mahindi ya kuchoma. Wimbo mmoja tu ulituokoa. Ulikuwa wa kwetu wenyewe, maneno ya Kiswahili na kiitikio cha Ekegusii, juu ya msichana anayekwenda mtoni na mtungi, anamkuta mtu wake huko, na kurudi jioni mtungi mkavu. Mama yake anamuuliza, maji yako wapi? Wasichana waliupenda wimbo huo kupita kiasi. Waliuimba wakichuma chai na wakienda sokoni, na hakuna msichana aliyeuimba mbele ya baba yake.

Katika wimbo huo nilifanya kitu changu. Mwisho wa kila ubeti besi ilitakiwa kuruka kutoka do hadi so ya chini, hatua moja ndefu, kama ilivyo katika tenzi nyingi za kanisa. Jioni moja ghalani vidole vyangu havikuruka. Vilishuka kwa miguu: do, ti, la, so. Mwalimu aliinua kichwa akanitazama, akatabasamu. Hilo lilikuwa jambo dogo sana, wapigaji wa duniani kote walikuwa wakilifanya, nami sikujua. Mimi nilidhani nimelivumbua. Ndilo jambo la kwanza maishani mwangu ambalo sikuwa nimefundishwa na mtu, na lilikuwa limetoka moja kwa moja katika yale niliyofundishwa na mtu mmoja.

Nilitaka baba alisikie. Sikutaka asifu; nilimjua vizuri mno. Nilitaka tu asikie mara moja kwamba yale anayoyagonga kwa kisigino yamefika kwangu na yamezaa. Lakini angesikia wapi? Dansini hangekanyaga. Kulitoa gitaa na kulipiga uani mbele yake, wimbo wa msichana na mtungi, ni afadhali ningevua nguo. Yeye mwenyewe hakuwahi kulitaja gitaa. Nikipita nalo limefungwa gunia, aligeuka kuangalia migomba.

Aliyelitaja ni nyanya, mama yake baba. Kati ya bibi na mjukuu kwetu hakuna chinsoni. Kuna utani mtupu. Alibatizwa uzeeni bila kuacha ugoro wake, na mimi aliniita mume wangu mbele ya kila mtu. Aliingia saiga wakati wowote apendao, akaketi kitandani, akakwaruza nyuzi kwa ukucha.

"Mume wangu, hiki kitu chako kina sauti ya mtu aliyeshiba," alisema.

"Baba anakionaje?"

"Muulize."

Akacheka sana, maana alijua siwezi.

Kisha ikaja harambee ya kujenga zahanati, hapohapo sokoni kwetu, siku ya Jumapili. Mwenyekiti wa kamati aliomba bendi ipige mchana, kati ya hotuba na hotuba. "Lakini nyimbo za heshima," alisema. "Wazazi watakuwepo." Usiku ule sikulala kwa kuwaza, na kulipokucha nilikuwa nimepata mpango. Tutapiga wimbo wa mtungi bila maneno. Magitaa na dramu tu. Pasipo maneno hakuna msichana, hakuna mtoni, hakuna aibu. Kuna solfa tupu, na solfa ndiyo lugha ya baba. Niliwashawishi wenzangu. Mwimbaji alinuna.

"Na mimi nifanye nini? Nisimame pale kama mti?"

"Piga ridhimu," nilimwambia. "Na ufunge mdomo."

Baba alikuwa amekaa safu ya pili, kati ya wazee wa rika lake, kofia gotini. Alivaa koti lake la kanisani. Nilijiweka mahali ambapo angeweza kuiona mikono yangu.

Tulianza. Ubeti wa kwanza watu walinyamaza, nami nikatazama chini, kwenye kiatu cha baba. Kisigino kilikuwa kinagonga. Nawaambia kweli, nilikiona. Ukafika mwisho wa ubeti, nikashuka: do, ti, la, so. Kisigino kikasimama kidogo, halafu kikaendelea.

Ubeti wa pili ukatuponza. Huko nyuma wasichana waliokuja na mama zao, wale waliokuwa wakiuimba wimbo huo mashambani kila siku, wakaanza kuvumisha. Mmoja akatia neno. Wa pili akamsaidia. Kufika kwenye kiitikio soko zima la vijana lilikuwa linaimba, kwa Ekegusii kizuri kinachoeleweka na kila mzazi, mtungi umekauka, mama anauliza, na wanacheza kwa viuno. Nilikuwa nimewaziba mdomo watu wanne nikasahau kwamba mji mzima una midomo.

Baba akasimama. Akavaa kofia. Hakunitazama. Akapita katikati ya viti akaondoka, na nyuma yake wakainuka wazee wengine, kila mwenye binti au mwana katika umati ule, mmoja baada ya mwingine, wakitazama mbele kama watu waliokumbuka ng'ombe hawajanyweshwa. Safu mbili zikabaki tupu. Wakabaki chifu na mgeni wa heshima, ambaye watoto wake walikuwa mbali, naye akipiga makofi kwa furaha.

Ningeacha kupiga, lakini fundi hakuacha, na mpiga besi haachi kabla ya dramu. Tukaumaliza ule wimbo, tukapiga mingine, na kila baada ya muda vijana wakaudai uleule tena. Mwishowe mvua ikaja na mawe yake ikatufukuza sote chini ya vibaraza vya maduka. Mimi sikupanda nyumbani. Nilirudi mjini nimelowa, gitaa nimelifunika kwa koti.

Kwa majuma kadhaa sikwenda kwetu. Sabato nilisali Nyanchwa, kiti cha nyuma, bila kuimba. Niliwakasirikia wale wasichana, nikaikasirikia chinsoni na mtu wa kale aliyeianzisha, na zaidi ya wote nilimkasirikia baba. Si angevumilia? Ubeti mmoja tu? Niliumia kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu, kwa sababu aliyekosewa na desturi hana wa kumshtaki. Mwalimu aliponiita mazoezini nilimwambia kwamba kidole kinaniuma.

Ndipo nyanya akaja mjini. Alisema ameletwa na macho, anakwenda hospitali, lakini hospitali hakuiuliza iko wapi. Alikuja na mkungu wa ndizi uliobebwa na binti wa jirani, akamtuma binti huyo dukani, akaketi kitandani pangu, akanusa ugoro.

"Mume wangu, umeniacha?"

"Sijakuacha."

"Siku ile ya harambee baba yako alirudi nyumbani amelowa mpaka mifupani. Mimi nikamuuliza, wenzako walioondoka sokoni pamoja nawe walifika kabla ya mvua, wewe ulikuwa wapi? Akasema alikuwa kwenye banda la majani chai."

Banda hilo la kununulia chai liko chini kabisa, upande wa pili wa bonde, mbali na soko. Siku ya Jumapili halina mtu.

"Alikuwa anafanya nini huko? Jumapili hakuna majani," nikasema.

"Hata mimi nilimuuliza hivyo. Alisema alikuwa amesimama. Nikamwambia, mtu hawezi kusimama tu alasiri nzima. Hapo akavua viatu, akaviweka karibu na moto. Halafu akaanza kuongea. Hakuniambia nikuambie. Alikuwa anaviambia viatu, mimi nikiwepo."

Ndivyo wazazi wetu wanavyofanya wakiwa na neno ambalo hawawezi kumpa mtoto mkononi. Wanalisema mbele ya mtu atakayelibeba.

"Alisema nini?"

Nyanya akajiweka sawa. Hakujua kusoma, wala solfa hakuijua, lakini alikuwa ameishika kama ilivyotoka. Akaimba kwa ile sauti yake iliyopasuka, akishusha kichwa kila hatua: do, ti, la, so.

"Alisema hivyo mara nyingi," aliniambia. "Kisha akasema, kama mtu ameamua kupitia kwa ti na la, azipitie. Asizikanyage kama anakimbia mvua. Ndiyo maneno yake. Mimi sijui ti ni nani na la ni nani, ni watu wa kwenu hao."

Nilikaa chini sakafuni. Nilimkumbuka yule mzee wa ng'ambo ya mto na fahali wake. Kule bandani maneno hayafiki. Mtungi haufiki, wala viuno vya wasichana, wala solo ya mwalimu. Kinachovuka bonde ni besi peke yake. Baba alikuwa ameondoka mbele yangu kwa heshima, kisha akatembea mpaka mahali pa kwanza ambapo wimbo ule haukuwa na mapenzi ndani yake, ulikuwa na mimi tu, akasimama hapo hadi mvua ya mawe. Nililia. Nyanya akasema hakuja mjini kubembeleza mume mzima, nimpikie chai.

Tulipiga tena pale sokoni kwetu mara kadhaa kabla bendi haijafa kifo cha bendi zote, kwa ndoa na uhamisho. Kila mara nilimwomba fundi aigeuze spika yangu nyuma, iwape watu mgongo na kutazama bonde. Mwimbaji alidhani nimerukwa na akili. Sikumweleza.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na Sabato moja, ile ya kwanza baada ya nyanya kuja. Nilipanda nyumbani Ijumaa, na baba akasimama uani akaita kwamba kesho kwaya inafika mapema. Hakuna jingine. Asubuhi nikasimama katika mstari wa besi, mwishoni, yeye akiwa katikati. Utenzi ulikuwa ubaoni, mstari wetu kwa mwandiko wake, na mwisho wa kila ubeti besi inaruka kutoka do hadi so. Beti za mwanzo tuliruka kama ilivyoandikwa.

Ubeti wa mwisho kisigino chake kilipunguza mwendo. Wenzetu wakaruka. Baba hakuruka. Alishuka peke yake, do, ti, la, so, kwa ile sauti ya mikwaruzo, akiipa kila moja nafasi yake. Kinamama wa alto waligeuza vichwa. Mzee mmoja wa besi alimtazama, akautazama ubao, akamtazama tena. Yeye alikuwa ameukazia macho ubao kana kwamba yote yameandikwa pale.

Mstari ule wa mwisho huimbwa mara mbili. Mara ya pili nilikuwa tayari. Tulishuka pamoja, polepole, yeye akitazama ubao na mimi nikitazama ubao.